Maswali na Majibu: Kuomba Nafasi ya Uzamivu katika Sayansi za Tiba

Mwezi huu safu hii imetengwa kwa wasomaji watatu wanaotaka kuendelea na masomo ya juu katika sayansi za tiba, yaani zile za maabara zinazochunguza mwili, vimelea, kinga na dawa. Barua zimefupishwa, na majina hayakutajwa kwa ombi la wenyewe.

SWALI

Shikamoo Dokta. Mimi ni binti wa miaka 25. Nilihitimu shahada ya kwanza ya bayoteknolojia na sayansi za maabara kwa wastani wa 3.7, na sasa ni msaidizi wa utafiti katika maabara moja ya malaria mkoani Pwani. Natamani kusoma uzamivu Marekani, lakini kila mtu ananiambia lake. Mkuu wangu wa kazi anasema ni lazima nianze na uzamili. Rafiki yangu anasema nimtafute profesa kwanza, nami nimekwisha kuwaandikia maprofesa 31 na kujibiwa na mmoja tu. Mjomba naye amempata wakala anayetaka shilingi milioni mbili na nusu ili aniombee chuo. Nimeambatisha rasimu ya andiko langu la nia. Naomba uisome na uniambie ukweli hata kama ni mchungu.
Msomaji, Bagamoyo

JIBU

Marahaba, binti yangu. La mjomba nalimaliza kwanza kwa sababu ni jepesi: fedha hiyo isitoke. Maombi ya uzamivu hujazwa na mwombaji mwenyewe kwenye tovuti ya chuo, ada ya maombi hulipwa hukohuko, na barua za wadhamini, yaani watu wanaokufahamu na kukutambulisha kwa chuo, hutumwa na wadhamini wenyewe. Hakuna kazi hapo inayomhitaji wakala. Mwambie mjomba, kwa heshima zote, kwamba kama anataka kukushika mkono basi akuwekee akiba ya nauli na viza, kwa maana huko ndiko utakakobanwa, kama nitakavyoeleza.

Kuhusu uzamili, mkuu wako wa kazi hakukosea. Amekueleza njia aliyoipita yeye. Katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, na vilevile Ujerumani, Uswidi na Uholanzi, uzamivu kwa kawaida hujengwa juu ya uzamili, na huko Ulaya nafasi nyingi hutangazwa kama ajira, zikiwa na mradi na msimamizi aliyekwisha kujulikana. Marekani mambo ni tofauti. Programu nyingi za sayansi za tiba humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja, humsomesha darasani katika mwaka wa kwanza na mara nyingi sehemu ya wa pili, na humzungusha katika maabara mbili au tatu, wiki kadhaa katika kila moja, kabla hajachagua msimamizi wake. Safari nzima huchukua miaka mitano au sita. Kwa kawaida ada ya masomo na bima ya afya hubebwa na programu, na mwanafunzi hupewa posho ya kujikimu. Kwa hiyo huhitaji kutafuta uzamili wa kulipia ili tu uwe na sifa ya kuomba. Unachohitaji ni uzoefu wa kweli wa utafiti, na huo unao tayari.

Ukielewa mpango huo utaelewa pia ukimya wa maprofesa wako 30. Katika programu za aina hiyo anayepokea mwanafunzi ni kamati, wala si profesa mmoja, na profesa hana uwezo wa kukuahidi nafasi hata akikupenda. Ukimya wao haukuwa hukumu juu yako. Kamwandikie profesa pale tu ambapo umesoma makala yake moja hadi mwisho na una swali linalotokana nayo, kisha muulize jambo moja: je, atapokea wanafunzi wapya mwaka ujao? Sentensi sita zinatosha. Barua uliyonionyesha, inayoanza kwa kusifu "mchango wako adhimu katika sayansi" na ambayo ingeweza kutumwa kwa yeyote kati ya wale 31, kila mpokeaji ameitambua kuwa ni hiyo hiyo. Ukiomba Uingereza, Kanada au Afrika Kusini, hapo rafiki yako amesema kweli, kwa kuwa mara nyingi msimamizi aliyekubali kukuchukua ndiye anayekufungulia mlango wa maombi.

Kalenda ya Marekani ni hii. Maombi hufunguliwa kati ya Agosti na Septemba, na mengi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi katikati ya mwezi huo. Usaili hufanyika Januari hadi Machi, na kwa walio mbali mara nyingi huwa kwa video. Vyuo vingi vimekubaliana kutomlazimisha mwombaji aliyepewa ufadhili kutoa jibu kabla ya tarehe 15 Aprili, na masomo huanza Agosti au Septemba. Mtihani wa GRE, ule wa kuingilia masomo ya juu Marekani, ambao kaka na dada zako walikesha wakiusomea, umeachwa na sehemu kubwa ya programu hizi tangu mwaka 2018 hivi. Mtihani wa Kiingereza bado unadaiwa na vyuo vingi, ingawa baadhi humsamehe aliyesoma chuo kinachofundisha kwa Kiingereza, kwa sharti alete barua ya msajili. Iombe barua hiyo sasa, usingoje Novemba.

Sasa nije kwenye rasimu, ambako nataka tukae zaidi.

Andiko lako linaanza hivi: "Tangu nikiwa mtoto mdogo niliguswa na mateso ya wagonjwa wa malaria kijijini kwetu, ndipo nikaazimia kuwa mwanasayansi ili niikomboe jamii yangu." Sina shaka kwamba uliguswa. Lakini nimewahi kukaa katika jopo la kuchambua maombi, na sentensi ya namna hiyo, ikibadilishwa jina la ugonjwa tu, niliikuta katika faili moja baada ya jingine hadi ikawa haiingii tena akilini. Msomaji wa kamati hatafuti mwenye huruma, kwa kuwa wote wameiandika huruma. Anatafuta dalili kwamba ukiachwa peke yako na tatizo lisilo na jibu kitabuni, utajua pa kuanzia.

Dalili hiyo unayo, nawe umeificha. Katika ukurasa wa pili, mistari minne kutoka chini, umeandika kama jambo la kupita: "Mwezi wa tatu kazi ilisimama kwa wiki tatu kwa sababu ya uchafuzi." Nilikuandikia kukuuliza ni uchafuzi gani, nawe ukanijibu kwa aya moja iliyo bora kuliko rasimu nzima. Ulisema kwamba mlikuwa mkizidisha vinasaba vya vimelea kwa njia ya PCR, na kwamba kila mara mliweka mrija mmoja wenye maji badala ya sampuli, ambao kwenye jeli, yaani utando ambamo vinasaba vilivyozidishwa huonekana kama mistari, haupaswi kuonyesha chochote. Asubuhi moja mrija huo wa maji ukaonyesha mstari. Wenzako walitaka kurudia jaribio na kuendelea. Wewe ulikataa, ukabadilisha kitu kimoja kimoja: siku ya kwanza maji, siku ya pili bafa, kisha kimeng'enya, kisha vile vipande vya vinasaba vya kuanzishia, na mstari ukabaki palepale. Mwishoni ukagundua kwamba pipeti moja, kile kifaa cha kunyonyea na kupimia vimiminika, ilikuwa ikitoka chumba cha jeli, chenye mabilioni ya nakala zilizokwisha kuzidishwa, na kurudishwa chumba cha kutayarishia kwa sababu ile ya huko ilikuwa imeharibika. Ukaiwekea alama ya utepe mwekundu isivuke tena mlango, na mkarudia sampuli zote za wiki mbili zilizotangulia.

Anza andiko lako hapo. Anza na ule mstari uliotokea mahali pasipotakiwa kuwa na kitu. Eleza ulichodhani kwanza, kwa nini dhana hiyo haikusimama, na ulivyoifikia pipeti. Kisha, na hapa ndipo waombaji wengi huishia njiani, eleza mradi wenyewe ulikuwa unauliza nini, kwa kuwa msaidizi wa utafiti anayejua hatua zote za PCR lakini hawezi kusema matokeo yangebadilisha nini katika ujuzi wetu wa malaria, huonekana kuwa fundi hodari tu. Andika "nilifanya" pale ulipofanya wewe, na "tulifanya" pale mlipofanya pamoja. Wakati wa usaili utaulizwa habari za kila neno uliloandika, na anayejitwalia kazi ya wenzake hugundulika kwa swali la pili.

Sehemu ya mwisho ya andiko ihusu chuo chenyewe, na isiwe nakala ya tovuti yao. Kwa kuwa utazungushwa katika maabara kadhaa, omba pale tu ambapo unaona maabara tatu au zaidi ambazo ungefurahi kuamkia kila siku. Kwa malaria, kwa mfano, Johns Hopkins kule Baltimore ina taasisi nzima ya utafiti wa ugonjwa huo, yenye wachunguzi wa mbu, wa kimelea na wa kinga, hivyo mtu akibadili mawazo baada ya mzunguko wa kwanza hakwami. Taja swali linalokuvuta, na useme ni kazi ipi ya nani imelifikisha hapo lilipo. Ukisha kufanya hivyo, ile sentensi ya kijijini unaweza kuirudisha kwa mstari mmoja, nayo itakuwa na uzito, kwa sababu msomaji atakuwa amekwisha kukuamini.

Wadhamini ni watatu kwa kawaida, na hapa nina kovu langu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilioomba nilikataliwa kote, na nilikuja kuelewa baadaye kwamba nilikuwa nimechagua watu kwa vyeo vyao. Mmoja wao alikuwa kiongozi mkubwa kitivoni ambaye hakuwahi kuniona nikishika hata slaidi. Barua ya mkuu wa kitivo inayosema "ni mwanafunzi mwenye nidhamu" haifikii barua ya kiongozi wa maabara anayeweza kusimulia kisa cha pipeti. Mkuu wako wa kazi awe wa kwanza, msimamizi wa mradi wako wa mwaka wa mwisho awe wa pili, na wa tatu awe mtu mwingine aliyekuona ukifanya kazi. Waombe miezi miwili kabla, uwape wasifu wako, rasimu ya andiko na orodha ya tarehe, na uwaeleze kwamba kiungo cha kupakia barua kitatumwa kwenye anwani zao za kikazi. Akitokea wa kukwambia "andika mwenyewe, mimi nitasaini", mshukuru na utafute mwingine. Si haki kwa chuo, na zaidi ya hayo, barua uliyojiandikia huwa na sauti ya andiko lako, na wasomaji wazoefu huitambua.

Jambo dogo linaloharibu maombi ya Watanzania wengi ni wastani wa alama. Wastani wako wa 3.7 umetolewa kwenye kipimo cha 5, ambacho kwetu daraja la pili la juu huanzia 3.5. Fomu nyingi za Marekani hudhania kipimo cha 4. Ukijaza 3.7 bila kutaja kipimo utaonekana kana kwamba u mmoja wa vinara wa darasa, na transkripti itakapofika itaonekana ulitaka kudanganya. Jaza alama kama ilivyo, taja kipimo cha 5, wala usijigeuzie mwenyewe ila pale fomu inapokuagiza. Ile D ya kemia ya mwaka wa kwanza usiitetee katika andiko. Mwombe mdhamini mmoja aitaje kwa sentensi moja kama anaijua sababu yake.

Tuje kwenye fedha. Ada ya maombi mara nyingi hukaribia dola 100 kwa kila chuo, lakini vyuo vingi vina msamaha wa ada kwa anayeuomba mapema, hivyo andikia ofisi ya programu mwezi wa tisa na uulize. Katika barua hiyohiyo uliza pia wamepokea wanafunzi wangapi wa kigeni katika miaka miwili iliyopita. Swali hili si la kibalagha. Sehemu ya fedha za mafunzo zinazotolewa na serikali ya Marekani ni za raia na wakazi wa kudumu peke yao, na kwa sababu hiyo baadhi ya programu huwachukua wageni wachache sana. Mwaka 2025, fedha za utafiti za serikali hiyo zilipoyumba, programu kadhaa za sayansi za tiba zilipunguza nafasi, na masharti ya viza nayo hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la ubalozi kabla hujalipa ada hata moja. Na hata ukipata ufadhili kamili, posho huanza kulipwa baada ya kufika. Tikiti ya ndege, ada ya viza, dola 350 za kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni na kodi ya mwezi wa kwanza kwa kawaida hutoka mfukoni mwako. Hapo ndipo msaada wa mjomba unapohitajika.

Kwa sababu hizo nakusihi usiweke matumaini yako yote Marekani. Ukiwa Bagamoyo hauko mbali na sayansi, uko katikati yake. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanzia kwenye maabara ndogo ya Waswisi katika miaka ya 1950, hushirikiana na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha katika kufundisha uzamili. Kilifi, nchini Kenya, kituo cha KEMRI (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na mfuko wa Wellcome wa Uingereza kina mpango wa kuwalea watafiti wa Kiafrika kuanzia mafunzo kazini hadi uzamivu. Chuo Kikuu cha Ghana kina kituo cha baiolojia ya seli za vimelea kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za bara letu, na ufadhili wa Jumuiya ya Madola huwapeleka Watanzania Uingereza. Omba Marekani programu sita au saba ulizozisoma vizuri, na uombe mbili za huku kwa bidii ileile.

SWALI

Asalaam aleykum Daktari. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali ya kaunti, nina shahada ya kwanza na umri wa miaka 38, na watoto wawili. Je, nimechelewa kuomba uzamili au uzamivu wa elimu ya kinga?
Msomaji, Mombasa

JIBU

Waaleykum salaam, ndugu yangu. Kwa vyuo, hujachelewa. Sijaona chuo makini kikimkataa mwombaji kwa sababu ya mvi. Kinachoweza kukufungia ni masharti ya wafadhili, nayo hutofautiana. Ufadhili wa DAAD wa Ujerumani kwa kawaida hutazama muda uliopita tangu shahada yako ya mwisho, ambao haupaswi kuzidi miaka sita, kwa hiyo angalia tarehe ya cheti chako kabla ya kitu kingine. Chevening ya Uingereza haina kikomo cha juu cha umri, tena inadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, jambo linalokupa nguvu wewe kuliko kijana aliyehitimu jana. Hulipia uzamili wa mwaka mmoja, na sharti lake ni kurejea nyumbani kwa miaka miwili. Haigharimii familia, kwa hiyo mazungumzo na mwenzako nyumbani yatangulie fomu. Kisha tafuta njia ya kuingia katika utafiti wowote unaoendelea hospitalini kwenu, hata kama ni wa kukusanya na kuhifadhi sampuli, kwa sababu miaka ya kutoa majibu ya wagonjwa, kwa thamani yake yote, haimwambii msomaji wa kamati kwamba umewahi kuuliza swali lako mwenyewe.

SWALI

Jambo Daktari. Nilisoma baiolojia ya tiba kwa Kifaransa, miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence. Nilipoomba uzamili nje, niliandikiwa kwamba shahada yangu ni ya miaka mitatu na haitoshi. Kiingereza changu ni cha kusoma tu. Nifanye nini?
Msomaji, Bukavu

JIBU

Jambo sana, ndugu. Nasikitika kwa jibu ulilopewa, kwa sababu limetokana na neno moja. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, licence ilikuwa ni hatua ya pili, inayokamilisha miaka mitano baada ya shule ya sekondari. Nchini Ufaransa, na sasa katika mfumo mpya unaoingia kwenu, licence ni shahada ya miaka mitatu. Aliyesoma cheti chako aliona neno, hakuona miaka. Mwombe katibu mkuu wa kitaaluma wa chuo chako barua fupi inayoeleza kwamba graduat na licence ni hatua mbili za masomo ya miaka mitano, ikitaja miaka uliyoanza na uliyomaliza, na uambatishe alama za miaka yote mitano, si ya miwili ya mwisho peke yake. Kwa barua hiyo una haki ya kuandika tena kwa chuo kilichokukataa na kuomba wapitie upya.

Kuhusu lugha, usikubali kuaminishwa kwamba sayansi hufundishwa kwa Kiingereza tu. Ubelgiji, ARES, yaani muungano wa vyuo vinavyotumia Kifaransa, hugharimia uzamili katika vyuo hivyo, na raia wa Kongo wamo miongoni mwa wanaoruhusiwa kuomba. Profesa Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo aliyeshiriki kuchunguza Ebola ilipozuka Yambuku mwaka 1976, aliupata uzamivu wake Leuven, Ubelgiji. Kiingereza utakihitaji hata hivyo, kwa kuwa makala nyingi utakazosoma zimeandikwa kwa lugha hiyo, basi anza na makala moja kwa wiki, uandike ufupisho wake kwa Kiingereza chako hichohicho, hata kama kinachechemea.

Wadhamini wako wasilazimishwe kuandika kwa lugha wasiyoimudu. Barua ya Kifaransa yenye kisa cha kweli, ikitafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa na kutumwa pamoja na nakala yake ya asili, hukubaliwa na vyuo vingi. Uliza vyuo kwanza kama tafsiri ipakiwe na mdhamini au na mtafsiri, kwa kuwa ukiipakia wewe mwenyewe inaweza kukataliwa.